D. N. Pritt: Wakili aliyewatetea Kenyatta na Nyerere

 

Katika safari ya kusini nilipita Nachingwea, kisha nikalala Ruangwa. Baada ya swala ya Ijumaa mzee mmoja alinishika mkono na kunivuta pembeni ya msikiti, penye kivuli cha mkorosho. Kitindamimba wake, ambaye ni binti, amepata nafasi ya kusoma sheria chuo kikuu, naye amewaeleza wazazi wake kwamba hataki kuwa hakimu wala mwendesha mashtaka, bali anataka kuwatetea watu walioshitakiwa kwa makosa ya jinai. Mzee yule amekosa usingizi kwa jambo hilo. Kwa ufahamu wake, kazi ya namna hiyo ni kuwasemea wezi na wauaji kwa malipo, na chumo lake haliwezi kuwa halali. Akanitajia aya ya 105 ya Suratun-Nisaa, ambayo ndani yake Mtume (s.a.w.) anakatazwa kuwa mtetezi wa wahaini.

Nilimjibu kwa mujibu wa fiqhi, na jibu hilo nitalirejea huko mbele. Lakini niliona wazi kwamba jibu halikumtuliza. Mzee alikuwa anataka kujua kazi yenyewe inafanywaje, na mtu anayeifanya maisha yake yote hufikia wapi. Basi tukakaa, nikamsimulia habari za Mwingereza mmoja ambaye hakuwa Muislamu, na kwa hakika hakuwa mtu wa dini kabisa, ila jina lake lilikuwa midomoni mwa wazee wengi wa Afrika Mashariki waliopigania uhuru. Msomaji wangu mpenzi, ninakusimulia nawe kama nilivyomsimulia mzee wa Ruangwa.

Denis Nowell Pritt alizaliwa mwaka 1887 katika viunga vya London, katika familia ya mfanyabiashara wa metali. Hakuonja dhiki. Alisoma Winchester, moja ya shule za watoto wa wenye nacho, akasoma sheria, na mwaka 1909 akaandikishwa kuwa wakili wa kusimama mahakamani. Siasa zake za ujanani zilikuwa za watu wa tabaka lake, yaani za kihafidhina. Alijifunza lugha za kigeni, akajizoesha kazi, na mwaka 1927 akapandishwa daraja la Wakili wa Mfalme, daraja ambalo hupewa mawakili waliobobea. Sehemu kubwa ya pato lake ilitokana na kesi za madai na biashara, na rufaa zilizokuwa zikiletwa kutoka India na makoloni mengine mbele ya Baraza la Faragha la Mfalme, ambalo wakati huo ndilo lililokuwa mahakama ya mwisho kwa himaya yote. Lau angebakia hapo, angekufa tajiri, na wala sisi tusingelijua jina lake.

Kilichombadilisha ni mchanganyiko wa mambo. Kadiri alivyozidi kuwaona watu wadogo wakisimama mbele ya serikali kubwa, ndivyo siasa zake zilivyozidi kuelekea mrengo wa kushoto. Alijiunga na chama cha Labour, na kuanzia mwaka 1935 hadi 1950 alikuwa mbunge wa Hammersmith Kaskazini. Labour walimfukuza mwaka 1940 kwa sababu aliutetea Umoja wa Kisovieti ulipoivamia Finland, na wapiga kura wake wakamrudisha bungeni mwaka 1945 akiwa hana chama.

Mwaka 1931 polisi wa Hong Kong, koloni la Waingereza, walimkamata mwanaharakati kutoka Indochina aliyekuwa akitumia jina la Sung Man Cho. Wafaransa waliokuwa wakiitawala nchi yake walikuwa wakimtafuta kwa udi na uvumba. Kumrudisha nchi iliyokuwa mikononi mwa Wafaransa kulikuwa sawa na kumpeleka kwenye kifo. Wakili wa pale Hong Kong, Frank Loseby, alisimama naye, na rufaa ikafika London, ambako Pritt aliichukua. Upande wa serikali ukaona ni afadhali kupatana kuliko kuisikiliza rufaa hadi mwisho. Ikakubaliwa kwamba mtu huyo aondoke bila kukabidhiwa kwa Wafaransa. Miaka kumi na mitatu baadaye mtu yule alitangaza uhuru wa Vietnam, na dunia ikamjua kwa jina la Ho Chi Minh. Nilimuuliza mzee: siku ile ya mwaka 1931, nani alijua kuwa mtuhumiwa yule atakuja kuwa rais? Pritt naye hakujua. Alichokuwa nacho mkononi ni jalada la mtu anayetaka kupelekwa asikostahili kupelekwa, na muda mfupi wa kulizuia jambo hilo.

Hapo ndipo ilipo kazi yenyewe, na ningependa wazazi wailewe. Watu hudhani wakili wa utetezi hushinda kwa ulimi. Ulimi una sehemu yake, lakini sehemu kubwa ya kazi ni kusoma. Anasoma hati ya mashtaka neno kwa neno. Anauliza kosa lilitendeka wapi, na kama mahakama hii ina mamlaka juu ya mahali hapo. Anauliza shahidi alisimama wapi, kulikuwa na mwanga kiasi gani, na alilisema jambo hili lini kwa mara ya kwanza. Anataka kujua maelezo ya polisi yaliandikwa kwa lugha gani, na mtuhumiwa anaifahamu lugha ipi. Nami nimemjua kijana aliyetia dole gumba kwenye karatasi asiyoweza kuisoma, juu ya magunia ya korosho asiyoyajua. Kituo ilipofanyika kazi hiyo sikitaji. Alikaa rumande miezi mingi kabla mtu yeyote hajaisoma karatasi ile kwa makini na kugundua kwamba tarehe zake hazikuafikiana.

Turejee kwa Pritt. Mwezi Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ya Kenya ilitangaza hali ya hatari na kumkamata Jomo Kenyatta pamoja na wenzake. Watano kati yao walishitakiwa pamoja naye: Bildad Kaggia, Fred Kubai, Kung'u Karumba, Paul Ngei na Achieng Oneko. Shitaka kubwa lilikuwa kuiongoza Mau Mau. Pritt, akiwa na umri wa miaka 65, alipanda ndege kutoka London kwenda kuwatetea.

Kesi haikusikilizwa Nairobi. Serikali ilichagua Kapenguria, mji mdogo ulio mbali kaskazini-magharibi, eneo ambalo mtu haingii bila kibali. Kwa kuwa sheria ilitaka washitakiwa wawe na uhusiano na mahali kesi inaposikilizwa, waliachiwa na kukamatwa tena palepale Kapenguria, ili mahakama ya huko ipate mamlaka. Hapakuwa na hoteli ya kuwatosha mawakili wala maktaba ya sheria, na mahakama ilikuwa chumba cha darasa. Mawakili walilala Kitale, umbali wa kilomita zipatazo 40, na kila asubuhi wakasafiri kwa barabara ya vumbi. Hakimu alikuwa Ransley Thacker, jaji mstaafu aliyerudishwa kazini kwa ajili ya kesi hiyo moja. Wanahistoria wameandika kwamba alipewa na serikali paundi 20,000 nje ya mshahara wake.

Angalieni pia waliosimama na Pritt. Alikuwepo H. O. Davies kutoka Nigeria na Chaman Lall kutoka India. Kutoka Nairobi walikuwepo Achhroo Kapila, Fitz de Souza na Jaswant Singh. Na kutoka kwetu Tanganyika alikwenda Dudley Thompson, mtu wa Jamaica aliyekuwa na ofisi yake ya uwakili Moshi. Wahindi, Waafrika, Mzungu na mtu wa visiwa vya Karibi, dini mbalimbali na wengine hawana dini, wote upande mmoja wa meza. Mimi kila nikiisoma orodha hiyo huona ajabu, kwa sababu katika Kenya ya wakati ule hata hoteli ya kuwakalisha pamoja kwa chakula cha mchana ilikuwa tabu kuipata.

Kesi ilichukua miezi. Mfasiri wa Kikikuyu alikuwa Louis Leakey, mtaalamu wa mambo ya kale ambaye pia alikuwa ameandika dhidi ya Mau Mau. Pritt alimpinga, akihoji vipi mtu mwenye msimamo wake katika jambo lenyewe apewe kazi ya kuyafikisha maneno ya mshitakiwa kwa hakimu. Mwishowe Leakey akajiondoa. Pritt alipotuma simu ya maandishi kwa wabunge wa London kulalamikia mazingira ya kesi, alishitakiwa mwenyewe kwa kuidharau mahakama. Mahakama Kuu ikamwachia, naye akarudi Kapenguria kuendelea alipoachia.

Shahidi muhimu wa serikali alikuwa Rawson Macharia, aliyedai kumwona Kenyatta akilisha watu kiapo mwaka 1950. Mashahidi wa upande wa utetezi walikuja kukanusha, hakimu akamwamini Macharia. Tarehe 8 Aprili 1953 washitakiwa wote sita walihukumiwa kifungo cha miaka saba na kazi ngumu.

Basi Pritt alishindwa. Mzee wa Ruangwa alipofika hapa alitikisa kichwa, kana kwamba nimemthibitishia kuwa safari yote ile ilikuwa ya bure. Nikamwomba asubiri. Mwezi Julai 1953 mawakili walisimama mbele ya Mahakama Kuu ya Kenya wakiwa na hoja kavu isiyomvutia mtu wa gazeti: kwamba hati ya uteuzi ya Thacker ilikuwa ya jimbo jingine, ilhali Kapenguria imo katika Jimbo la Bonde la Ufa. Mahakama Kuu ikakubali, na kesi nzima ikabatilishwa. Furaha hiyo haikudumu. Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki iliutengua uamuzi huo. Mapema mwaka 1954 rufaa ya Achieng Oneko ilikubaliwa, akaonekana hana hatia, na hata hivyo serikali ikaendelea kumweka kizuizini kwa amri tu. Wakati wa dhulma hutokea mtu akashinda kesi na asishinde uhuru wake.

Kisha mwaka 1958 Macharia alikula kiapo kipya na kusema kwamba ushahidi wake wa Kapenguria ulikuwa wa uongo, na kwamba aliahidiwa masomo Uingereza kwa gharama za serikali pamoja na kazi atakaporudi. Serikali ikamshitaki. Jambo la kuzingatiwa ni hili: hakushitakiwa kwa kusema uongo Kapenguria, bali kwa hicho kiapo cha pili alichoukana uongo. Na aliyekuja kumtetea alikuwa Pritt yuleyule, ambaye wateja wake walifungwa kwa ulimi wa mtu huyo. Macharia alitiwa hatiani akafungwa. Nadhani hapa tunamwona Pritt katika ubora wake. Angeweza kumlipiza, na badala yake alisimama mbele yake kumkinga.

Mwaka huohuo wa 1958 ndio uliomleta Dar es Salaam. Gazeti la chama, Sauti ya TANU, lilikuwa limechapisha makala ya Julius Nyerere iliyowatuhumu mabwana shauri wawili wa Kiingereza kwa kuwaonea wananchi. Mmoja wao alikuwa wa Songea, huku kusini kwetu. Nyerere alishitakiwa kwa kashfa ya jinai. Pritt alimtetea akiwa na mawakili wawili wa nchini, Mahmud Rattansey na K. L. Jhaveri. Mkakati wao ulikuwa kuthibitisha kwamba yaliyoandikwa yalikuwa kweli, na kwa hiyo wanakijiji walioonewa wakapata kusimama kizimbani na kumsema bwana shauri mbele ya hakimu. Kwa mwananchi wa enzi hizo hilo lilikuwa jambo lisilofikirika. Bwana shauri ndiye aliyekuwa polisi, hakimu na mtoza kodi kwa pamoja, na katika mabaraza ya wenyeji mawakili hawakuruhusiwa kabisa kuingia.

Hakimu alimwona Nyerere ana hatia. Adhabu ilikuwa faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita. Wapo waliotaka aende jela ili umma uwake moto. Yeye akachagua kulipa na kuendelea na kazi ya chama. Miaka mitatu na miezi michache baadaye, Tanganyika ikawa huru. Kwa hesabu ya vitabu vya mahakama, Pritt alishindwa Kapenguria na akashindwa Dar es Salaam. Kwa hesabu nyingine wateja wake wawili walikuja kuwa marais wa nchi jirani, na yaliyosemwa mahakamani yamebakia kwenye kumbukumbu ambazo serikali ya kikoloni isingezitunza kwa hiari yake.

Lau ningeishia hapa, mzee angefurahi, na makala ingekuwa fupi na tamu. Lakini si uadilifu kusimulia maisha ya mtu kwa upande mmoja, na upande wa pili wa Pritt ndio ulionifanya nimchague yeye na si wakili mwingine.

Mwaka 1933 jengo la Bunge la Ujerumani liliungua, na utawala wa Hitler ukawatia mbaroni Wakomunisti. Pritt aliongoza tume ya wanasheria iliyokaa London kuchunguza jambo hilo hadharani, kwa kuhofia kwamba washitakiwa hawatapata haki. Alifanya kazi nzuri. Miaka mitatu baadaye, Agosti 1936, alikuwa Moscow, amekaa miongoni mwa watazamaji wa kesi ya Zinoviev, Kamenev na wenzao, jumla yao watu 16. Hao walikuwa vigogo wa zamani wa mapinduzi ya Urusi. Hawakuwa na mawakili. Ilielezwa kwamba wamekataa wenyewe. Mmoja baada ya mwingine waliungama makosa makubwa kabisa, huku wakijilaani kwa midomo yao. Ushahidi wa maana nje ya maungamo hayo haukuwepo. Wote walihukumiwa kifo na kupigwa risasi.

Pritt, bingwa wa kuuliza maelezo haya yamechukuliwaje na mtu huyu alikuwa na nani chumbani, safari hii hakuuliza. Alirudi London akaandika kijitabu kuisifu kesi ile kuwa ilikuwa ya haki. Mahakama ya Juu ya Umoja wa Kisovieti ilikuja kuwasafisha watu hao mwaka 1988, wakiwa wameshakaa kaburini zaidi ya nusu karne. Pritt mwenyewe alikuwa ameshafariki, na mpaka mwisho alibakia rafiki mkubwa wa Moscow. Mwaka 1954 walimtunuku nishani ya amani iliyokuwa na jina la Stalin.

Mtu mmoja, macho yaleyale, elimu ileile. Ilikuwaje aione dhulma iliyofichwa katika hati ya uteuzi wa hakimu kule Kapenguria, asiione iliyokaa wazi mbele yake Moscow? Sioni jibu ila moja. Kapenguria waliokuwa wakishitaki walikuwa mahasimu zake. Moscow walikuwa wenziwe.

Hapo nikamrudisha mzee kwenye aya yake. Wafasiri wanaeleza kwamba aya zile ziliteremka juu ya mtu wa Madina aitwaye Tu'ma bin Ubayriq, aliyeiba deraya. Alipoona anatafutwa, akaiweka kwa Myahudi mmoja na kumsingizia wizi. Jamaa wa Tu'ma, ambao walikuwa wakihesabiwa Waislamu, wakaenda kwa Mtume (s.a.w.) kumsafisha ndugu yao, na jambo likakaribia kumwangukia Myahudi yule. Ndipo wahyi ukashuka kumwondolea tuhuma. Kwa hiyo aya ambayo mzee aliitumia kukataza utetezi, ndiyo iliyomwokoa mshitakiwa asiye na mtu. Waliolaumiwa ndani yake ni wale waliomkingia kifua mtu wao kwa kuwa ni mtu wao, huku wakijua alichokitenda.

Na katika fiqhi mlango wa wakala umeruhusu mtu kumweka mwingine amsemee katika mashtaka, imepokewa kwamba Sayyidna Ali (r.a.) akimweka ndugu yake Akil, na alipozeeka Akil akamweka Abdullah bin Jaafar. Ikrari ya mtu aliyelazimishwa, kwa kauli ya jamhuri ya wanazuoni, haina nguvu. Wakili haruhusiwi kusema uongo, wala kumfundisha shahidi uongo, wala kuchukua haki ya mtu kwa hila. Akifanya hayo, chumo lake ni haramu kama alivyohofia mzee. Kumtaka mshitaki athibitishe anachodai si uongo. Bayana ni juu ya mwenye kudai, na kila mwanafunzi wa madrasa aliyefika mlango wa hukumu analijua hilo.

Pritt alimalizia kazi yake Afrika. Katika miaka ya 1965 na 1966 alifundisha sheria Chuo Kikuu cha Ghana, akaandika kumbukumbu zake katika juzuu tatu, na mwaka 1972 akafariki nyumbani kwake Uingereza akiwa na umri wa miaka 84.

Yaliyobakia si ya maisha yake, lakini tulikuwa Ruangwa, na Nachingwea iko jirani, nami sikuweza kuyaacha. Wasomaji wa huko wanaijua kambi ya Farm 17. Mashamba yale yalifyekwa na Waingereza kwa ajili ya mradi wa karanga ulioanza mwaka 1947 na kufa baada ya miaka michache. Kuanzia miaka ya 1960 FRELIMO waliyatumia kufundishia wapiganaji wao. Watu wa kusini waliwabeba wapiganaji wale kwa chakula na kwa damu, na heshima hiyo hainyang'anywi. Lakini mwaka 1975, Msumbiji ilipokuwa inakaribia uhuru wake wa tarehe 25 Juni, waliokuwa wapinzani wa uongozi wa FRELIMO walikusanywa na kuletwa Nachingwea. Miongoni mwao alikuwa Mchungaji Uria Simango, aliyekuwa makamu wa Eduardo Mondlane, na Lázaro Nkavandame, Mmakonde wa Cabo Delgado. Mwezi Mei mwaka huo Simango alisimamishwa mbele ya mkutano akasoma kurasa nyingi za maungamo, akijishutumu kwa usaliti na kuomba msamaha. Hapakuwa na wakili wala shahidi wa kuhojiwa. Baadaye yeye, Nkavandame na wengine walipelekwa Niassa, na huko wakauawa bila kufikishwa mbele ya mahakama yoyote.

Huenda baadhi yao walitenda makosa makubwa. Nkavandame alijisalimisha kwa Wareno mwaka 1969, hilo halina ubishi. Lakini nani alitenda nini, na kwa kiwango gani, hatukupata kujua, kwa kuwa aliyesimama pale kusoma hakuwa na mtu wa kumuuliza kama karatasi ile aliiandika mwenyewe.

Siku hizi mambo si kama ya mwaka 1958. Mtuhumiwa wa mauaji hapa Tanzania huwekewa wakili kwa gharama za serikali, na tangu mwaka 2017 ipo Sheria ya Msaada wa Kisheria inayowatambua wasaidizi wa kisheria hadi vijijini. Hata hivyo, kwa makosa mengine mengi, mtu wa Ruangwa asiye na fedha husimama peke yake kizimbani.

Mzee alikaa kimya kwa muda. Kisha akaniambia kwamba mwaka ule wa 1975 alikuwa mtoto wa miaka kumi na miwili, na mama yake alikuwa akiuza mihogo kando ya barabara waliyopita wapiganaji wa Farm 17. Wapiganaji walikuwa wakilipa vizuri, akasema, na mmoja alikuwa akimpa biskuti. Aliyajua magari yale. Hakupata kusikia kwamba baadhi yake yalibeba wafungwa. Akaniuliza majina tena, nikamtajia. Akayarudia polepole, Simango, Nkavandame, kama mtu anayetaka kuyahifadhi.

Halafu akauliza kama ninafahamu utaratibu wa kuomba mkopo wa chuo, kwa sababu binti alikuwa amemwomba sahihi yake tangu Jumatatu naye alikuwa bado hajaitia. Tulirudi nyumbani kwake pamoja kuitafuta kalamu.